Kopo Chini ya Injini

Kopo lilikuwa la maziwa ya unga, lile kubwa, nalo lilikuwa chini ya injini ya boti ya ami yangu kabla hata sijafika Pate kwa likizo. Kazi yangu kila asubuhi, kabla ya kuwasha, ilikuwa kufungua kasha la mbao linalofunika injini, kulitoa kopo, kuyachuja mafuta yaliyodondoka ndani yake kwa kipande cha kanga kuukuu, kisha kuyarudisha kwenye injini. Nilifanya hivyo kwa karibu miezi mitatu. Siku ya kwanza niliuliza kwa nini tusizibe panapovuja. Ami akacheka. "Injini hii ina umri kukushinda," alisema. "Wewe mwenyewe ukifika umri wake utavuja." Nikacheka naye, na sikuuliza tena.

Naandika haya kwa sababu ya swali ambalo abiria mmoja aliniuliza mwishoni mwa likizo hiyo, na kwa sababu ya jibu nililompa. Swali lilikuwa la maneno mawili tu. Nimesoma falsafa kwa miaka kadhaa sasa, na sijakutana darasani na swali lililonikaa kifuani kama hilo.

Boti yenyewe ni ya mbao. Iliundwa Matondoni, kijiji cha kisiwa cha Lamu kinachojulikana kwa mafundi wake wa majahazi, na ndani yake ikatiwa injini ya dizeli ya Kijapani, silinda mbili, iliyonunuliwa ikiwa tayari imetumika. Inabeba watu, mchele, saruji, kreti za soda na wakati mwingine mbuzi, kutoka gati la Mtangawanda hadi mji wa Lamu na kurudi. Njia inapita Mkanda, ule mlango mwembamba wa maji kati ya bara na kisiwa cha Manda, wenye mikoko huku na huku. Chombo kizito hupita Mkanda maji yakiwa yamejaa. Ukikosea saa, maji yakipwa unakaa juu ya tope mpaka yarudi.

Asiyewahi kufungua injini huenda akadhani kwamba gasketi ni kitu kidogo. Kwa bei na kwa uzito, ni kweli. Injini ni vipande vya chuma vilivyofungwa pamoja kwa nati, na pale vipande viwili vinapokutana, nyuso zao huonekana laini kabisa. Hazijawa laini hivyo. Zina mikwaruzo na mabonde madogo ambayo jicho haliyaoni, lakini mafuta na maji huyaona. Gasketi hulazwa katikati. Kwa kuwa ni laini kuliko chuma, ukikaza nati inakubali kubanwa na kuyajaza mabonde hayo. Ile ya juu, chini ya kifuniko cha valvu, kazi yake ni kuzuia mafuta yasitoke nje. Miaka ikipita, joto huikausha ikawa ngumu, ikaacha kubonyea. Hapo ndipo mafuta yetu yalipokuwa yakitoka na kuingia koponi.

Chini yake, kati ya silinda hedi na mwili wa injini, iko gasketi kubwa zaidi, na kazi yake ni ngumu zaidi. Inatenganisha vitu vitatu visivyopaswa kukutana: moto wa ndani ya silinda, mafuta ya kulainisha, na maji ya kupoza. Katika injini yetu maji ya kupoza ni ya bahari. Pampu huyavuta kutoka nje, huyazungusha ndani ya chuma, kisha huyatupa tena baharini. Kwa hiyo gasketi ile inakaa upande mmoja na moto, upande mwingine na chumvi, mwaka baada ya mwaka.

Katika wiki yangu ya sita hivi niliona mstari mweupe ubavuni mwa injini, pale hedi inapokutana na mwili wake. Nikaugusa kwa kidole, nikaonja. Chumvi. Nilimwita Ami. Alichukua kitambaa, akaufuta, akazikaza nati mbili za upande ule. "Tutaangalia," alisema. Kesho yake mstari ulikuwa umerudi. Akaufuta tena. Baada ya siku chache kuufuta ikawa kazi yangu. Nilifua maji ya ngama, nilirudisha mafuta ya kopo, nilifuta chumvi, nilifunika kasha, ndipo abiria wakaanza kupanda.

Nataka kuwa wazi kuhusu Ami, kwa sababu si mtu mzembe. Alijua sauti ya injini ile kama mama anavyojua kilio cha mwanawe. Kwenye bega lake la kulia kulikuwa na kitambaa siku zote. Hakuwahi kuondoka bila kupima mafuta, na hakuwahi kupakia watu kupita kiasi, hata siku za Maulidi watu walipokuwa wakimsihi. Alivyoona yeye, lile kopo lilikuwa ushahidi wa uangalifu wake: mtu asiyejali angeyaacha mafuta yadondoke ngamani.

Siku yenyewe ilikuwa ya Julai, kusi limekaza. Nilichomoa kijiti cha kupimia mafuta nikakuta yamepanda juu ya alama, ilhali sikuwa nimeongeza tone. Rangi yake ilikuwa ya chai ya maziwa. Hata mimi, ambaye ufundi wangu ulikuwa wa wiki chache, nilijua maana yake: maji ya bahari yalikuwa yameingia kwenye mafuta. Nilimwambia Ami sikioni. Alikitazama kijiti, akayatazama maji, akawatazama abiria ambao walikuwa wameshaanza kuketi. Kati yao alikuwako mwanamke mwenye mtoto wa kama miaka miwili, mtoto ana homa tangu jana yake, wanakwenda hospitali Lamu. Tukichelewa, Mkanda ungefungwa, na kujaa kwa pili kungekuwa usiku.

"Twende," Ami alisema kwa sauti ya chini. "Tutamwaga mafuta tukifika."

Hatukufika. Ndani ya Mkanda moshi wa bomba uligeuka mweupe, injini ikawa nzito, kisha ikanyamaza. Tulishika pondo na kusukuma, lakini upepo ulikuwa wa mbele na maji yameshaanza kupwa. Muda si mrefu boti ikakaa kwenye tope, imeinama kidogo upande, na pande zote mbili mizizi ya mikoko ikaanza kuonekana. Hakuna aliyekuwa hatarini kuzama. Tatizo lilikuwa joto la mwili wa yule mtoto, na muda.

Mama yake alikuwa amekaa karibu na kasha. Alilowesha leso, akaiweka kwenye paji la uso wa mwanawe, kisha akanigeukia mimi, sio Ami.

"Mlikuwa mnajua?"

Nikamjibu, "Hapana, dada. Injini haipigi hodi."

Ilikuwa imepiga hodi kwa wiki nyingi, na mimi ndiye niliyekuwa nikiufuta mlango. Baada ya kama saa tatu, wavuvi wawili wenye chombo chepesi walipita karibu na ukingo, wakamchukua mama na mtoto. Sisi wengine tulingoja maji. Mtoto alitibiwa na akapona, alhamdulillahi. Nalitaja hilo mapema ili msomaji asidhani kwamba hoja yangu inategemea msiba.

Gasketi mpya ilitoka Mombasa, ikaletwa na basi mpaka Mokowe siku ya tatu. Fundi aliyekuja kuifunga ni rafiki wa Ami wa tangu utotoni. Alilegeza nati za hedi kidogo kidogo, kuanzia za pembeni kwenda za katikati, ili chuma kisipinde. Alipoinua hedi alinionyesha gasketi kuukuu. Kati ya tundu la maji na mdomo wa silinda ya pili kulikuwa na mfereji mwembamba, mweusi, uliochongwa na moto na chumvi. "Huu haukuanza juzi," alisema, bila kumtazama Ami. Alikwangua mabaki kwa kisu butu, polepole, akihofia kuikwaruza chuma. Alilaza rula ya chuma juu ya hedi akatazama mwanga unaopita chini yake: hedi ilikuwa imepinda kidogo, sehemu moja kwa sababu ya zile nati mbili zilizokuwa zikikazwa upande mmoja kila mara. Aliisugua juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo kinene, akapima, akasugua, akapima, karibu siku nzima.

Gasketi ya juu aliitengeneza mwenyewe. Aliilaza karatasi ya gasketi juu ya kifuniko, akaigonga kwa nyundo ndogo kufuata kingo, mpaka umbo likajikata. Mimi nilikuwa nimemletea mrija wa silikoni, nikidhani nasaidia. Aliukataa. Alisema mtu akipaka silikoni kwa wingi, inayozidi hujikamua kuelekea ndani, na siku moja kipande chake huziba tundu la mafuta. Kwa nje utaona pakavu, pasafi, na injini inakufa kiu.

Ami alikuwa amekaa kwenye mwamba wa gati akitazama, na ndipo aliposema neno ambalo tangu siku ile nimekuwa nikibishana nalo. "Chombo kisichovuja hakijaundwa," alisema. "Baba yangu alikwenda mpaka Uarabuni kwa jahazi linalovuja, na babu yake vilevile."

Ni kweli. Jahazi la mbao huzibwa kwa kalafati, pamba iliyolowekwa mafuta ikagongwa kati ya ubao na ubao, lakini likishushwa majini huvuja mpaka mbao zivimbe na kubanana. Hata baada ya hapo maji hujikusanya ngamani, na mabaharia hupeana zamu za kuyafua. Watu wa pwani hii wamevuka bahari kwa kusimamia uvujaji kuliko kwa kuumaliza. Ukitaka kuzuia kila tone kabla ya kung'oa nanga, hutasafiri. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba kosa letu lilikuwa kuishi na kitu kinachovuja. Kama hilo ni kosa, basi bahari yote ya Hindi imevukwa na wakosaji.

Darasani tuliwahi kusoma insha ya Mwingereza William Kingdon Clifford, mwanahisabati na mwanafalsafa, iliyotoka mwaka 1877. Anaanza na mwenye meli ambaye anajua meli yake ni kuukuu na imewahi kutengenezwa mara nyingi. Ana wasiwasi, lakini anajituliza: imekwenda safari ngapi ikarudi salama, na Mungu hatawaacha wahamiaji walioko ndani yake. Meli inazama, naye anachukua fedha za bima. Clifford anasema mtu huyu ana hatia, na kwamba angekuwa na hatia ileile hata kama meli ingefika salama, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini alichokiamini. Nilipoisoma nilikubaliana naye upesi. Baada ya Mkanda naona kwamba hesabu yake haimtoshi Ami. Ami hakujidanganya. Alijua gasketi imeoza, alijua injini itahimili kiasi gani, na kwa mamia ya safari alikuwa amesema kweli. Alikosea siku moja tu, na siku hiyo alikuwa na sababu nzuri ya kujaribu: mtoto mgonjwa na maji yasiyongoja.

Kilichonisaidia zaidi ni kisa nilichokisikia chuoni nikiwa mdogo, chuo cha Qur'ani ninachokusudia. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akakuta rundo la nafaka linauzwa. Akaingiza mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Akamuuliza mwenye nayo. Mtu yule akasema mvua iliinyeshea. Akaambiwa, kwa nini basi hukuiweka ile iliyorowa juu, watu waione? Tukiwa watoto tulifundishwa kwamba kisa hiki ni cha kukataza ulaghai wa sokoni. Sasa naona ndani yake jambo ambalo mwalimu hakuligusa: mtu yule hakulaumiwa kwa unyevu. Mvua si kosa lake. Hata hakukatazwa kuuza nafaka iliyorowa. Alitakiwa kuiweka juu.

Hapo ndipo jahazi la babu na boti ya Ami zinapotofautiana. Maji ya ngamani kila mtu aliyemo huyaona. Abiria akiona yamezidi, humwambia baharia, au hulichukua dumu lililokatwa akafua mwenyewe. Uvujaji ule ni wa wote, na hatari yake ni ya wote, kwa sababu wote wanaujua. Uvujaji wa gasketi ulikuwa chini ya kasha. Waliobeba hatari yake walikuwa watu ishirini, na waliokuwa na habari zake walikuwa wawili. Mimi nadhani hapo ndipo kuvumilia kasoro kunapogeuka kuwa dhuluma: pale anayeijua na atakayeumia nayo wanapokuwa watu tofauti, na yule anayeijua akanyamaza. Kufuta chumvi kila asubuhi hakukuziba chochote. Kulikuwa kugeuza ile iliyorowa iwe chini.

Kuna majibu matatu ambayo Ami angeweza kunipa, na mawili alinipa kweli. La kwanza ni umaskini. Gasketi yenyewe haikuwa ghali sana, lakini siku nne za boti kufungwa gatini ni siku nne bila nauli, na mwenye boti mbili anaweza kusema kweli kwa urahisi kuliko mwenye moja. Nakubali. Lakini umaskini unaeleza kwa nini hatukutengeneza. Hauelezi kwa nini hatukusema, maana kusema hakuna bei ya dukani. La pili ni kwamba abiria wote wanajua boti zetu ni kuukuu, kwa hiyo wameshakubali. Sidhani. Kujua kwamba boti huharibika ni kama kujua kwamba watu hufa. Kujua kwamba leo asubuhi mafuta ya boti hii yamekuwa rangi ya chai ni habari nyingine, na ndiyo pekee ambayo mtu angeweza kuitumia kuamua.

La tatu ndilo zito. Yule mama angefanya nini na habari hiyo? Pengine hakukuwa na boti nyingine. Pengine angepanda vilevile, akiwa na hofu zaidi. Nimelifikiria sana hili, na naona kwamba hata kama angepanda vilevile, safari ingekuwa nyingine. Angepanda akiwa amechagua. Pengine angebeba maji mengi zaidi, au angempigia simu ndugu mwenye chombo chepesi atusindikize mpaka Mkanda upite. Hatujui, kwa sababu tuliamua kwa niaba yake, kisha tukaona tumemfanyia hisani. Tulimtumia mwanawe kama sababu ya kwenda bila kumuuliza yeye kama anataka kwenda hivyo.

Na wako ambao hawawezi kuambiwa. Mafuta ambayo kopo halikuyakamata yaliingia ngamani, na nilipofua maji asubuhi yalikwenda baharini, yakatandaza rangi za upinde wa mvua juu ya maji mpaka kwenye mizizi ya mikoko. Kaa na samaki wadogo wa pale hawana namna ya kuiona ile iliyorowa wakaamua kutonunua. Kwao hakuna kingine cha kufanya ila kuziba.

Fundi alifunga hedi kwa mpango: nati za katikati kwanza, kisha mkabala, kwa mizunguko mitatu, kila mzunguko akiongeza nguvu kidogo. Akarekebisha mianya ya valvu, akatia mafuta mapya, akatuambia tuende polepole kwa saa kadhaa za mwanzo, kisha atarudi kuzikaza nati tena, kwa kuwa gasketi mpya hukaa inapopata joto. Safari ya kwanza nilimwomba Ami awaambie abiria. Alinitazama kwa muda, kisha akasimama nyuma na kusema: injini imefunguliwa wiki hii, leo tunaijaribu, tutakwenda mwendo wa pole, asiye na haraka angoje boti ya pili. Watu wawili wakashuka. Ami akanigeukia kama anayesema, umeona? Nikaona. Nauli mbili ndiyo bei ya kusema, na aliyeilipa ni yeye, si mimi.

Wiki moja kabla ya kurudi chuo kikuu nilimkuta yule mama mjini Lamu, karibu na soko, mwanawe kamshika mkono anatembea. Nilimsalimu, nikamuuliza hali ya mtoto, kisha nikasema nililokuja nalo moyoni. Nikamwambia, "Dada, siku ile uliniuliza kama tulikuwa tunajua. Tulijua."

Alinyamaza kidogo. "Mimi hupanda boti yenu kila mwezi," alisema. "Nimekuona mara ngapi ukimimina mafuta ya kopo. Nikadhani ndivyo injini zinavyolishwa."

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Kopo, basi, halikuwa limefichwa. Lilikuwa mbele ya macho yake miezi yote ile, na halikumwambia kitu, kwa kuwa hakuna aliyemfahamisha maana yake. Nilikuwa nimejiambia kwamba ingetosha kuacha kasha wazi. Haitoshi. Aliye na ujuzi ana deni la maneno pia.

"Na sasa?" akauliza. "Haivuji tena?"

Nikamwambia hedi ni nzima, kifuniko cha juu ni kikavu, lakini sili ya pampu ya maji inadondosha kidogo, tone moja kwa dakika au zaidi, nayo tumeiagiza. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kesho maji yanajaa saa ngapi.